Kahawa ya Karani

Ofisini walimwita Fundi, naye akaitika. Balaa lilianzia hapo, maana karani wa stoo akiitwa Fundi siku tatu mfululizo na asikanushe, siku ya nne anakuwa ameshaamini mwenyewe.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa kahawa. Si ile ya kuchemsha kwenye birika huku unaongea na simu. Hii ni espreso, kahawa nzito ya mafunda mawili, inayokamuliwa kwa nguvu mpaka inatoka na povu la rangi ya asali juu yake. Karani alikuwa na kifaa cha mkono cha kuikamulia, kisichotaka umeme wala waya, kinene na kirefu kama tochi, na nyumbani kwake kiliitwa hivyo hivyo, tochi. Unajaza kahawa iliyosagwa upande mmoja, unamimina maji ya moto upande wa pili, unafunga, unapampu kwa kidole gumba, na kikombe kinangoja chini. Kila siku saa nne asubuhi wakubwa wa ofisi walishuka stoo na vikombe vyao vidogo wakajipanga mbele ya meza yake kama wagonjwa mbele ya dirisha la dawa. Mkurugenzi mwenyewe, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kujua stoo iko upande gani, akawa wa kwanza kufika.

Na Karani alikamua kwa mbwembwe. Alikunja mikono ya shati, akafumba jicho moja, akainamisha sikio kana kwamba kifaa kinamnong'oneza. Watu wakasema jamani, huyu bwana ana kipaji, kaozea stoo bure.

Asilowaambia ni habari ya pakiti.

Pakiti zilitoka jikoni kwake, na aliyezitengeneza ni mkewe. Mke huyo kila mtu alimwita Kaunta, jina alilolipata hotelini aliposimama nyuma ya kaunta ya kahawa miaka kumi na miwili, mpaka siku mama mkwe wake alipoanguka bafuni na kuinuliwa akiwa amepooza upande wa kushoto. Kesho yake Kaunta akaaga kazi. Wenzake walichanga wakamnunulia tochi, wakamwambia asije akausahau mkono wake, akaondoka nayo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na viatu vya kazi.

Mkono haukusahau. Kila alfajiri, kabla ya jambo lolote, Kaunta alipenyeza kiganja kati ya nondo za dirisha la jikoni akaipima hewa. Kukiwa na unyevu alilegeza kisagio kijino kimoja, kukiwa kumekauka alikaza. Kahawa iliyokaangwa jana ilitaka hivi, iliyokaangwa wiki iliyopita ilitaka vile. Akasaga kidogo, akakamua kikombe kimoja cha kujaribia huku anahesabu kimoyomoyo. Ikidondoka tone tone, basi amesaga laini mno. Ikitiririka kama mkojo wa mtoto, basi amesaga kubwa mno. Alirekebisha, akasaga tena, na ndipo alipopima gramu nane nane kwenye mizani ndogo na kufunga pakiti kumi na mbili za karatasi. Karani alizitumbukiza mfukoni mwa koti bila kuzitazama, kama mtu anavyobeba funguo zake, akachukua na tochi.

Baada ya hapo Kaunta alikwenda kumgeuza mama mkwe wake, Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asije akafanya vidonda, kwa hiyo siku nzima ya Kaunta ilikuwa imekatwakatwa vipande vya saa mbili mbili. Kwenda dukani na kurudi, kipande kimoja. Kufua, kipande. Kulala usiku, vipande vitatu au vinne vilivyoshonwa vibaya. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu Bi Mkubwa aanguke hakuwahi kwenda mahali ambapo hangeweza kurudi ndani ya saa mbili.

*

Jumatatu hiyo Karani aliingia anapiga mluzi. Alimsalimu mama yake, akamlisha mwenyewe chakula cha jioni kijiko kwa kijiko, maana kwa hilo hakuwa na kasoro, alimpenda mama yake sana. Kisha akaja jikoni akaegemea mlango. Alikuwa na habari. Kampuni inafungua chumba cha kahawa pale chini mapokezi, cha wateja na wageni, chenye meza nane na kaunta ya mbao. Mkurugenzi anatafuta mtu wa kukisimamia.

Kaunta aliweka sufuria chini. Alikuwa ameshaanza kutabasamu kabla hajajua anamtabasamia nani.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nini?"

"Habari zangu."

Karani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma. Akaeleza taratibu kwamba hakukuwa na haja ya kumwambia mtu chochote, mtu mwenyewe ameshapatikana, na mtu huyo ndiye huyu aliyesimama hapa mlangoni. Stoo kwaheri. Mkataba mpya watausaini wiki ijayo.

Kaunta akauliza ni nani atakayesaga huko. Karani akasema mbona hilo dogo, atasaga yeye Kaunta hapa hapa nyumbani kama kawaida, badala ya kumi na mbili zitakuwa sitini, labda themanini mambo yakichanganya. Kaunta akasema chumba cha meza nane hakiendeshwi kwa pakiti, kahawa iliyosagwa alfajiri ikifika saa saba mchana imeshapoteza uhai, na hewa ya mchana si hewa ya asubuhi, mtu anatakiwa asimame pale pale na kisagio abadilishe kadiri siku inavyobadilika. Alisema haya haraka haraka. Alikuwa hajaongea maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja tangu aache kazi.

"Kusaga ni kusaga tu," mumewe akasema. "Kazi iko kwenye kukamua."

Alisema bila ubaya wowote. Aliamini. Miezi saba ya kusifiwa ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa, na kidole gumba chake alikitazama siku hizi kwa heshima. Kaunta aliokota sufuria akaendelea kuisugua mahali palipokwisha kutakata.

Usiku huo, alipoamka kumgeuza Bi Mkubwa, alikaa ukingoni mwa kitanda akapiga hesabu. Kizuizi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimelala mbele yake kinakoroma. Akipatikana mtu wa kukaa na mama, Karani hatakuwa na la kusema. Na mtu alimjua.

*

Fundi cherehani wa mlango wa tatu alikuwa mjane mwenye maneno machache na kazi nyingi. Kaunta alimwendea Jumanne akamweleza yote. Asije kuwa yaya, akamwambia, aje na cherehani chake akiweke chumbani kwa Bi Mkubwa, ashone zake, na kila saa mbili anyanyuke amgeuze. Mshahara ukianza watagawana. Mjane akafikiri, akasema chumba chake mwenyewe ni chembamba hata kitambaa hakikunjuki, na dirisha la Bi Mkubwa lina mwanga mzuri. Wakakubaliana wajaribu kesho yake, Karani akiwa kazini.

Kwa hiyo Jumatano Kaunta alivaa gauni lake la kutokea, akaenda mjini kwa miguu. Hakuwa na shughuli mjini. Alikwenda kulitazama jengo la ofisi ya mumewe. Chumba cha kahawa kilikuwa na kioo kikubwa mbele, na ndani mafundi wawili walikuwa wanafunga kaunta. Alisimama upande wa pili wa barabara, kisha akavuka akasimama karibu, kisha akaweka pua kwenye kioo kabisa kama mtoto. Ile kaunta ya mbao ilikuwa imefungwa juu mno. Sinki walilipeleka kona ya mbali, mtu atakuwa anatembea hatua sita kila anaposuuza kikombe, atachoka kabla ya saa sita. Kisagio kingekaa pale, karibu na mkono wa kulia, mbali na mlango ili upepo usikichezee. Alipanga vyote. Aliwapanga hata wateja foleni. Fundi mmoja akampungia mkono aondoke, akidhani anaomba kitu, na Kaunta akaondoka, lakini aliondoka amefurahi mno hata akakosea njia ya kurudi nyumbani, njia aliyoijua tangu usichana.

Nyumbani alimkuta fundi cherehani anajifunga kitambaa mkononi.

"Kaniuma, jirani," akasema. "Nimekwenda kumgeuza, kaniuma."

Bi Mkubwa alikuwa amegeukia ukuta, na machozi yalikuwa yamelowesha mto. Meno yalimbakia machache lakini aliyatumia vizuri. Kaunta aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Jirani, kwa wema wake, akasema wagonjwa wote huanza hivyo, wiki mbili tu atakuwa amezoea, na yeye yuko tayari kujaribu tena maadamu kuna mwanga.

Wiki mbili. Kaunta alilishika neno hilo. Lakini jioni, Karani alipokuwa anamlisha mama yake, Bi Mkubwa alimeza kijiko cha tatu akasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Leo nimegeuzwa na mgeni."

Ugomvi ulikuwa wa sauti ya chini, kwa sababu kuta za nyumba zilikuwa nyembamba na mgonjwa hakuwa kiziwi. Karani alitaka kujua imekuwaje mtu baki anamshikashika mama yake kama gunia. Kaunta akamuuliza, kwa upole, kwa nini basi asimgeuze yeye mwenyewe asubuhi na jioni, wakapunguziana. Karani akatazama pembeni. Mama yake alikuwa mama yake, kuna mambo mtoto wa kiume hayaangalii, hata yeye Kaunta anajua. Kaunta alijua. Akasema ndiyo maana ametafuta mwanamke.

"Mama anakutaka wewe," Karani akasema. "Utamlazimisha?"

Hapo alimpata. Kwa sababu ni kweli Bi Mkubwa alimtaka yeye, na si kwa ukorofi. Alimwita mwanangu kabla hata ya kuugua. Kila asubuhi Kaunta alipomaliza kukamua kikombe cha kujaribia, alichovya kidole akamwekea tone la kahawa ulimini, na Bi Mkubwa alifumba macho akatoa hukumu: leo chungu, leo tamu, leo umesaga na hasira. Hakukosea hata siku moja. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua kahawa inatengenezwa na nani.

*

Jumapili alasiri Mkurugenzi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyosema mlangoni, na kweli aliingia chumbani kwa Bi Mkubwa akasimama dakika mbili na mikono nyuma, akamtakia afueni. Lakini alipokaa sebuleni alitoa mfuko wa kahawa ya punje akauweka mezani. Ilikuwa imekaangwa juzi, ndiyo kahawa watakayotumia chumba kipya, na kabla ya kusaini mkataba kesho alitaka kuonja Fundi ataifanyaje. Alisema kirafiki. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na hakuwa na nia ya kumtega mtu.

Karani aliuchukua mfuko akaingia nao jikoni. Uso wake ulikuwa umepauka. Kaunta alikuwa ameshabandika maji.

"Saga," mumewe akamnong'oneza.

Kaunta aliutazama mfuko. Alizinusa zile punje kwa mbali, akajua tayari zinataka nini. Mkono ulimwasha. Akauficha nyuma.

"Kusaga ni kusaga tu," akasema. "Saga."

"Usinifanyie hivi leo."

"Sijakufanyia kitu. Maji hayo yanachemka."

Karani akachukua kisagio. Alijua kitu kimoja tu, kwamba kahawa ya kwenye pakiti huwa laini, basi akakaza kile kisagio mpaka mwisho, pale ambapo Kaunta hakuwahi kukifikisha tangu kinunuliwe, akasaga kwa nguvu zake zote. Kilichotoka kilikuwa vumbi. Kaunta aliona. Angeweza kumwambia. Alifungua mdomo, kisha akakumbuka kicheko kile cha mlangoni, akaufunga, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Karani alitoka na tochi na kikombe kwenye sinia. Akakunja mikono ya shati. Akafumba jicho moja. Akapampu, na pampu ikagoma. Akaongeza nguvu, ikaingia kidogo, hakuna tone. Mkurugenzi akatabasamu kumpa moyo. Karani akasimama, akaiminya kwa vidole gumba viwili, mishipa ya shingo ikatoka, jasho jembamba likamteremka, na ndani ya kikombe hapakuwa na kitu. Akasema pengine imeziba. Na hapo akafanya kosa ambalo mtu aliyewahi kufanya kazi nyuma ya kaunta hata wiki moja hawezi kulifanya. Aliifungua ikiwa bado imebeba mgandamizo wote ndani yake.

Ililia kama chupa ya soda iliyotikiswa. Matope ya kahawa yaliruka yakapiga ukuta, yakapiga dari, yakamlowesha Karani kifuani, na shati jeupe la Mkurugenzi likapata mstari mweusi kuanzia kola mpaka kwenye kifungo cha mwisho. Karani hakupiga kelele. Alibaki ameshika vipande viwili vya tochi, kidole gumba kimeungua, anatazama ukuta wake.

Kaunta ndiye aliyesogea. Alimpeleka mumewe kwenye bomba akamwekea kidole kwenye maji baridi, na alipokishika akamwonea huruma ya kweli. Alimpa Mkurugenzi taulo akamwomba radhi. Kisha akasuuza tochi, akalegeza kisagio, akasaga.

Kikombe cha kwanza alikimwaga. Mkurugenzi akataka kumzuia, akasema hicho kinatosha, Kaunta akamwambia samahani, cha kwanza si cha kunywa, ni cha kuuliza. Akakaza vijino viwili. Akapasha tochi moto kwa maji, akayamwaga, akajaza kahawa, akaigandamiza, akafunga, na kidole chake kikaanza kupanda na kushuka polepole bila mbwembwe yoyote. Ikatoka nyembamba kama mkia wa panya, nyeusi, halafu ya kahawia, halafu ya asali. Akaikata pale pale ilipoanza kupauka. Alimkabidhi Mkurugenzi kwa mikono miwili.

Mkurugenzi akanywa. Akanywa funda la pili, akakitazama kikombe kitupu, kisha akautazama ukuta, kisha akamtazama Karani.

"Zile pakiti anasaga nani?"

Karani alikuwa anaangalia sakafu. Kaunta alingoja, alimpa nafasi, alingoja muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kisha akasema, "Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Mkurugenzi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo la kahawa. "Kumbe miezi saba nasifia kidole gumba," akasema, na hata Karani alilazimika kucheka naye, kicheko kibichi. Ndipo Mkurugenzi akamgeukia Kaunta, sasa kwa sauti ya kazini, akamuuliza alijifunza wapi. Alipotaja hoteli na miaka kumi na miwili, yule bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza kitu muda mrefu akakiona chini ya kiti chake mwenyewe.

"Shemeji, unaweza kuanza lini?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kesho. Alikuwa na fundi cherehani, alikuwa na wiki mbili, alikuwa na gauni la kutokea, sinki alikuwa ameshalihamisha kichwani mwake. Alivuta pumzi.

Ukuta ukagongwa mara tatu. Bi Mkubwa alikuwa anaita.

"Nakuja," Kaunta akamwambia Mkurugenzi, na akaingia ndani.

*

"Nimeloa," Bi Mkubwa akasema.

Kaunta alipitisha kiganja chini yake. Shuka lilikuwa kavu.

"Pakavu, Mama."

"Basi nigeuze."

Saa mbili hazikuwa zimetimia. Kaunta alimgeuza hata hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kugeuza kuliko kubishana. Alimwekea mto katikati ya magoti, akamfuta mgongo kwa taulo, akampaka poda, akamnyoosha ule mkono usiosikia. Haya mambo hayana njia ya mkato. Upande wa pili wa ukuta wanaume walikuwa wanazungumza, sauti ya Mkurugenzi nzito, ya mumewe ikipanda na kushuka, na mara moja wakacheka pamoja, safari hii kicheko kilichoiva. Kaunta aliharakisha. Alipotaka kuinuka, mkono mzima wa Bi Mkubwa ukamkamata kola ya gauni.

"Nimesikia," akasema. "Wanakuchukua."

"Hawajanichukua, Mama. Wameniuliza."

"Yule wa cherehani ana mikono ya baridi."

"Utamzoea."

Bi Mkubwa alimtazama. Alikuwa mwanamke aliyewahi kusimamisha nyumba nzima kwa jicho, na sasa jicho lenye nguvu lilikuwa limebaki moja, nalo lilikuwa limejaa hofu tupu, hofu ya mtoto anayeachwa shuleni. Hakusema usiniache. Kaunta alitamani angesema, ili amjibu. Badala yake ile kola ilishikwa tu, na Kaunta ikambidi afungue kidole kimoja kimoja.

Alirudi sebuleni na taulo la mgonjwa mkononi. Wote wawili walisimama alipoingia. Karani alikuwa amerudiwa na rangi yake.

"Tumeshaelewana," akasema.

Mkurugenzi alieleza mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyetatua jambo gumu. Mumewe amemweleza hali ya mama, na yeye ana mama pia, anaelewa. Hawezi kumtoa mtu kwenye wajibu kama huo. Kwa hiyo Shemeji hatahangaika. Kisagio kikubwa cha umeme kitaletwa hapa nyumbani, watafunga jikoni meza ya chuma ili kisitikisike. Gari la kampuni litaleta kahawa, na kila alfajiri litapita kuchukua pakiti. Fundi atakamua kule, yeye atasaga huku, kila mtu kwa kipaji chake. Malipo yake yataongezwa kwenye mshahara wa mumewe, kwa sababu kiutaratibu mwajiriwa ni mmoja.

"Hutalazimika hata kutoka mlangoni," akasema.

Alisema kama anampa zawadi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu, asiyependa kumpangia mtu mambo yake, aliinama kidogo akauliza, "Umeridhika, Shemeji?"

Akaulizwa, basi. Tangu Bi Mkubwa aanguke alikuwa hajaulizwa kama ameridhika, na sasa ameulizwa mbele ya mashahidi. Kaunta alikuwa na majibu yote. Kwamba kahawa ya alfajiri hufa mchana. Kwamba hewa ya mapokezi haiwezi kupimwa kwenye dirisha la jikoni. Kwamba yupo mwanamke mlango wa tatu anayehitaji mwanga, na kwamba yeye mwenyewe hana shida na kutoka, anataka kutoka, kila siku anataka kutoka, anataka mpaka kifua kinamuuma. Mumewe alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba, kidole chake kimefungwa kitambaa. Chumbani kulikuwa kimya, hata kukoroma hakuna, kimya cha mtu aliyezuia pumzi ili asikie vizuri.

"Nashukuru," Kaunta akasema.

Neno lilitoka lenyewe, kwa adabu, kama linavyomtoka mtu anayepewa kiti.

*

Mgeni alipoondoka, Karani alipanda juu ya stuli kufuta dari. Alikuwa anaongea peke yake kwa raha: meza itakaa pale, taa waongeze moja, na yeye hakuficha kitu tena, umeona, sasa ofisi nzima itajua ni mke wake anayesaga. Kaunta alikuwa chini anafuta ukuta. Alimuuliza jambo moja tu. Yeye Kaunta alipokuwa chumbani, Mkurugenzi hakusema tena habari ya yeye kwenda kufanya kazi kule?

"Alisema."

"Ukamjibuje?"

Karani alifuta kidogo. "Nilimwambia hupendi kuwa mbali na mama." Kisha akaongeza, "Na uliulizwa. Ungekataa."

"Niliulizwa," Kaunta akakubali.

Alisuuza kitambaa, akakianika, akaingia kwa Bi Mkubwa. Bibi alikuwa amefumba macho kama aliyelala, lakini kope zilikuwa zinacheza. Kaunta alikaa ukingoni mwa kitanda. Nje ilikuwa bado alasiri, jua limejaa dirishani, na watu walikuwa wanapita wanakwenda wanakokwenda.

"Umekasirika?" Bi Mkubwa akauliza bila kufumbua macho.

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana. Sijawahi kukasirika hivi."

Bi Mkubwa alilipima jibu hilo kwa ule ulimi wake usiokosea. Machozi yalimtoka jicho moja yakaenda sikioni, na Kaunta akayafuta kwa ncha ya shuka. Mkono mzima ukamtafuta, ukapapasa godoro mpaka ukalipata paja lake, ukatulia hapo.

"Lakini upo," akasema.

Kaunta alitazama mlango, uliokuwa wazi.

"Nipo," akasema.

Na Bi Mkubwa akalala.